Gari ya siti mbili ya kufunguka juu hapa Dar: anza na paa, injini baadae

Jioni ukivuka Daraja la Tanzanite ukitokea Aga Khan kuelekea Coco Beach, paa limelala nyuma na upepo wa bahari unakupiga shingoni, hapo ndo utaelewa kwanini mtu ananunua gari ya siti mbili wakati ana watoto watatu nyumbani. Nimeshaulizwa sana kwenye mataa, mtu anashusha kioo cha Harrier yake, "kaka hii ni gari gani, na mtu akiitaka anaanzia wapi", taa inawaka kijani sijafika hata nusu ya jibu. Sasa jibu refu ni hili, nimelipata kwa kumiliki mbili za aina hii hapa hapa mjini, Toyota MR-S kwa miaka mitatu na saivi Mazda Roadster, na kwa kuwasindikiza jamaa zangu kadhaa kwenda kukagua za kwao.

Karibu kila anayeniuliza anaanza na nguvu, ina farasi ngapi, inatoka vipi, ina turbo haina. Ndugu yangu, Bagamoyo Road ina mataa, matuta, bodaboda na tochi za trafiki, mjini mwendo ni 50, hao farasi 250 utawakimbizia wapi? Kitakachokupa raha au kukuliza ni vitu vitatu, paa, kimo cha gari kutoka chini, na spea. Injini iweke ya nne, maana injini nyingi za hizi gari ni za kawaida kabisa na mafundi wetu wanaziweza.

Na hata kabla ya hapo, je hii ni gari ya pili nyumbani au ndo ya pekee? Siti mbili ni mbili kweli, hamna ya kubanana. Msiba ukitokea Mbagala na wamama wanne wa mtaani wanahitaji lifti, au bi mkubwa anatakiwa kliniki na lazima awe na mtu wa kumshika mkono, gari yako itabaki imepaki unaita Bolt. MR-S ndo kabisa haina buti, kuna kisanduku nyuma ya siti na mbele kuna tairi ya akiba na kanafasi ka mkoba. Kama nyumbani hamna gari nyingine ningekuomba usubiri, chukua IST au Wish kwanza, hii ije baadae, itakuja kwa raha zaidi.

Haya, paa. Kuna la turubai na kuna gumu la kukunjika. Turubai ni jepesi, mara nyingi unalifungua kwa mkono, halina mota ya kufa, likichakaa fundi wa viti mzuri anaweza kushona sehemu iliyoachia hata kama la kubadilisha zima lazima uagize. Shida yake ni jua letu na wembe wa vibaka. Jua la hapa linakausha turubai mpaka linapasuka kwenye mikunjo, na yale matoleo ya zamani yenye kioo cha nyuma cha plastiki, mfano Roadster ya kwanza kabisa ya 1989 mpaka 1997 au BMW Z3, plastiki inakuwa njano mpaka huoni daladala iliyo nyuma yako. Tafuta yenye kioo cha nyuma cha kioo kweli, kama MR-S au Roadster za kuanzia 1998. Na wembe sina haja ya kueleza sana, anayepaki Kariakoo au anayelaza gari nje ya geti anajua, mtu anakata turubai zima kwa ajili ya pochi yenye elfu tano. Mi nilipokuwa na MR-S nilikuwa siachi hata chupa ya maji tupu kwenye siti, ili anayechungulia aone hamna kitu.

Paa gumu linakupa utulivu, kelele zinapungua, AC inapoza vizuri mchana, na ukipaki inaonekana kama gari ya kawaida tu. Ila linabeba mota, sensa na nyaya, na hapa ndo usichanganye, maana mapaa magumu hayafanani. Roadster ya toleo la tatu yenye paa gumu, iliyoanza kutoka 2006, inatumia mota za umeme, unafungua komeo la katikati kwa mkono afu unabonyeza batani, sekunde 12 hivi kazi imeisha, na likilala haligusi nafasi ya buti. Mercedes SLK na Daihatsu Copen ya mwanzo paa lao linasukumwa kwa oili ya haidroliki, kuna pampu, kuna mikono yenye sili za mpira, na sili ikishazeeka kwenye joto inaanza kutoa oili kidogo kidogo, na paa likiwa limekunjwa linakula buti karibu lote. Kwa mazingira yetu, gari ya nje ya geti, foleni na masika, mi nachagua paa gumu la mota za umeme. Kama una parking ya ndani yenye kivuli, turubai ni tamu zaidi na gari inakuwa nyepesi, hapo siwezi kukubishia.

Lakini usidhani paa gumu limemaliza mambo ya maji, mi mwenyewe lilinikuta. Ofisini tulikuwa tunapaki chini ya mkrismasi, kile kivuli kizuri chenye maua mekundu, na vile vijani vyake vidogo kama mchele vinaanguka kutwa nzima. Aprili, mvua ya siku tatu mfululizo, naingia kwenye gari asubuhi nasikia harufu ya nguo iliyolala na maji, nikashika zulia nyuma ya siti likakamulika kama dodoki. Nilizunguka kwa mafundi wawili, mmoja akaniambia sili za vioo zimekufa niagize Japani, na hela nilikuwa nishaanza kuitafuta. Wa tatu, kijana tu pale Magomeni, hakugusa sili hata moja, alifunua pale paa linapolala, akaingiza kidole kwenye katundu kadogo kona ya nyuma ya siti, akatoa tonge jeusi la majani ya mkrismasi na mchanga, kubwa kama kashata. Maji yakashuka yenyewe chrrr mpaka chini. Sili zilikuwa nzima.

Hizi gari zote maji ya juu ya paa yanakusanywa pembeni yanashuka kwa mrija mpaka chini ya gari, kwenye Roadster yanatokea mbele kidogo ya tairi la nyuma. Mrija ukiziba, maji yanaingia ndani, yanakaa kwenye zulia, na bati la chini linaanza kuoza kimya kimya. Kwenye BMW Z4 ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2008, ni mbaya zaidi kwasababu mota ya paa imekaa humo humo kwenye shimo la kupitishia maji, mrija ukiziba mota inazama. Nilimsindikiza jamaa yangu yadi moja kuangalia Z4 nyeusi, nzuri kweli kwa macho, tukaomba paa lifunguliwe, muuzaji akasema "hiyo ni fyuzi tu boss, fundi umeme anakuja kesho". Nikainama nikabonyeza zulia nyuma ya siti ya abiria kwa tishu, tishu ikalowa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Jamaa aliumia sana maana alishaipenda, ila tuliondoka. Ukisikia neno fyuzi kwenye paa, mwambie aiweke hiyo fyuzi kwanza afu mtaongea bei, hela yenyewe si ya elfu moja?

Kwahiyo siku ya kukagua nenda na chupa ya maji ya lita moja na nusu na tishu. Fungua paa nusu, mimina maji taratibu kwenye kona ya nyuma ya siti pale paa linapokunjikia, mwenzako awe ameinama nje anaangalia, sekunde chache tu yanatakiwa yatoke chini, afu upande wa pili hivyo hivyo. Baada ya hapo washa injini ili betri isife, fungua funga paa mara tatu mfululizo, sikiliza, mara ya kwanza inaweza kukudanganya, mara ya tatu ikianza kukwama au kulia unajua. Mwisho pelekeni kwenye sehemu ya kuoshea magari, kaa ndani, vijana wapige mashine ya presha kwenye mipaka ya paa na vioo huku unapitisha mkono juu ya kioo kwa ndani. Tone moja moja kwenye kona kwa presha ile kubwa nakubali, mfereji sikubali. Muuzaji anayekataa zoezi hili ameshakujibu.

Kimo sasa. Roadster iko juu ya ardhi kama sentimita 13 au 14 hivi. Chukua tofali la kujengea, la nchi tano likilazwa ni sentimita 12 na nusu, la nchi sita ni 15, maana yake gari inapita juu ya la nchi tano kwa nafasi ya kidole, la nchi sita inaligonga. Tembea kwa miguu njia ya kwako kuanzia lami mpaka getini, kama uko Goba, Madale, Kinyerezi au Chanika unajua nachosema, ule mgongo wa mchanga katikati ya nyayo za matairi ukiwa juu ya tofali la nchi tano, hii gari haifiki kwako, au itafika kiangazi tu na masika utaipaki kwa rafiki. Hamna dawa ya hilo, usije ukadhani utaizoea. Kuna watu wanaweka springi ndefu, gari inaanza kuyumba kwenye kona na ile raha yote uliyoilipia imeondoka.

Matuta ya kawaida ya lami yanapitika, unaenda kwa mshazari, tairi moja moja, mguu kwenye breki mpaka tuta limeisha. Tatizo lingine ni kwamba wajapani wanapenda kuzishusha hizi gari, mwenye nayo kule ameweka shokapu za mashindano, matairi yameingia ndani ya bodi, kwenye picha inapendeza mno. Iache. Angalia picha ya pembeni, kati ya tairi na bodi vidole vitatu angalau viingie. Na kama iko hapa hapa Dar ipandishe juu kwa fundi mwenye shimo au lifti, angalia sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kama imebonyea, eksosi kama imelala bapa, ule mfuniko wa plastiki wa chini kama upo au ulishang'oka ukatupwa, maana chini kunasema ukweli ambao rangi ya juu haisemi. Na upande wa bahari, Masaki, Mbezi Beach, Kigamboni, chumvi inafanya kazi yake, piga tochi kwenye bati la chini ya mlango mbele ya tairi la nyuma. Roadster za 1989 mpaka 2005 zinaozea hapo hapo.

Tuje kwenye spea na gari zenyewe. Kama unataka jibu moja, chukua Mazda Roadster ya toleo la tatu, 2005 mpaka 2015, injini ya 2000 isiyo na turbo, farasi kama 170, uzito tani moja na kidogo. Japani inaitwa Roadster tu, jina la MX-5 ni la Uingereza na kwingine, kwahiyo ukiandika MX-5 kwenye tovuti za wauzaji wa Japani unaweza kukosa zilizopo, andika Roadster. Hii ndo gari ya siti mbili ya kufunguka juu iliyouzwa kuliko zote duniani, ilianza 1989 na mwaka 2016 ilipita milioni moja, na wingi huo maana yake kila ugonjwa wake unajulikana na kila kipande kinapatikana kwa kuagiza. Ina otomatiki kwa sisi wa foleni ya Ubungo na ina manyuo, gia za mkono, kwa wenye moyo. Haina tairi ya akiba, inakuja na kipampu na dawa ya kuziba pancha, na dawa hiyo haisaidii kitu shimo likipasua tairi ubavuni, kwahiyo namba ya fundi wa breakdown iwe kwenye simu. Toleo la nne lililoanza 2015 ni zuri sana, kwa Japani lina injini ya 1500, jepesi, turubai unalivuta kwa mkono mmoja umekaa kwenye siti, ila bei yake bado iko juu.

MR-S naipenda kwa moyo wote na ndo gari ya bei nafuu ambayo injini iko katikati, nyuma ya mgongo wako, unasikia kila kitu. Ilitengenezwa 1999 mpaka 2007, farasi 140, kilo kama elfu moja. Uzuri wake kwa hapa ni injini ya 1ZZ, ile ile ya Opa, Wish, Allion na Premio za 1800 za matoleo ya kwanza, kwahiyo pampu ya maji, sensa, koili, plagi, unashuka maduka ya spea ya Gerezani unarudi navyo saa hiyo hiyo kwa bei ya Toyota. Ila zile za mwanzo mpaka kama 2002 zinakula oili kwasababu ya ringi za pistoni. Nenda asubuhi ikiwa ya baridi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla yako, chomoa kijiti cha oili uone kiasi, washa mwenzako akiwa nyuma, ukiona moshi wa bluu unaoendelea baada ya dakika moja basi. Na haina otomatiki ya kweli, kuna manyuo na kuna ile inayojibadilishia gia yenyewe bila pedali ya klachi kwa kutumia pampu ya oili, wajapani wanaiita SMT. Hiyo SMT ndo nilikuwa nayo mimi. Mwaka wa tatu pampu yake ilikata Mandela Road katikati ya malori, gari ikagoma kuingia gia yoyote, nikaisukuma na machinga wawili mpaka pembeni, na kupata fundi anayeielewa ilichukua mwezi na nusu. Ukichukua MR-S chukua manyuo. Matairi yake ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, huwezi kuyazungusha, weka hilo kwenye hesabu.

Copen ni kadogo, cc 660 yenye turbo, farasi 64, ya 2002 mpaka 2012 ndo ya bei nafuu, mpya zaidi ilianza 2014. Kwa mjini inatosha kabisa, inapenya, inapaki popote, mafuta inanusa tu. Mtu mrefu ajaribu kukaa kwanza paa likiwa limefungwa, kuna jamaa yangu wa futi sita na nchi mbili kichwa kiligusa na magoti yalishika usukani. Na highway kuelekea Chalinze nyuma ya mabasi mi siifurahii, unakuwa usawa wa tairi la lori. Honda S660 iliyotoka 2015 mpaka 2022 ina injini katikati, inaendeshwa vizuri ajabu, ila paa unalikunja kama mkeka unaliweka kwenye kisanduku cha mbele, na ukishaliweka humo hamna tena hata pa kuweka begi la laptop. Wingu likitanda ghafla unasimama, unashuka, unalikunjua. Kwa vuli ya Dar, hapana.

Gari za kijerumani, Z4, SLK, Audi TT ya wazi, utaona bei kule Japani unashangaa, iko chini ya Roadster. Bei hiyo ina sababu. SLK 200 ya 2004 mpaka 2011 cheni ya injini inalegea, Z4 nimeshasema mota ya paa, TT gia boksi yake ya klachi mbili ikianza kusumbua unaanza kutafuta fundi mwenye kompyuta sahihi. Sisemi usinunue, kuna watu wanazitunza vizuri na ni gari nzuri, ila bajeti yake ni bei ya gari jumlisha nusu ya bei ya gari kwenye akaunti ikisubiri. Na kingine, baadhi ya za kijerumani zilizouzwa Japani usukani uko kushoto. Hakikisha kwenye picha. Ukiwa umekaa chini hivyo, usukani kushoto, unataka kupita lori kwenye barabara zetu za kuendesha kushoto, huoni kitu mpaka gari nzima imeshatoka. Honda S2000 na Nissan Fairlady Z ya wazi nazipita haraka, ya kwanza imekuwa ya wakusanyaji na bei imeondoka, ya pili ni cc 3500 kwenda juu.

Na cc ndo inatuleta kwenye ushuru, ambao wengi wanaushtukia gari ikiwa melini tayari. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Afu kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, chini ya cc 1000 haulipi, 1000 mpaka 2000 asilimia 5, juu ya hapo 10. Afu uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi 10 asilimia 30. Mwisho VAT 18 juu ya jumla yote. Piga hesabu kwa gari ambayo TRA wameithamini milioni 10 na imezidi miaka kumi, ukiacha tozo ndogondogo: Copen ya 660 inalipa kama milioni 9.2, Roadster ya 2000 kama 9.9, Z4 ya 2500 kama 10.6. Yaani ukubwa wa injini unaongeza laki saba hivi kwa kila hatua, wakati umri wa gari ndo unaua. Roadster hiyo hiyo ingekuwa chini ya miaka 8 ingelipa kama milioni 5.5 kwa thamani ile ile, japo gari changa nayo thamani yake inakuwa juu. TRA wana thamani zao kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, wanaangalia hiyo, kwahiyo ingiza mwaka na modeli humo KABLA hujatuma hata dola moja, na rudia kila baada ya bajeti ya Juni maana viwango vinaguswa.

Mpya kabisa? Roadster mpya kule Japani mwaka 2024 ilikuwa inaanzia kama yeni milioni 2.9 kabla ya meli na ushuru, na hapa hutalipa uchakavu, ila jumla yake inakuwa hela ya kiwanja kizuri. Mwenye nayo anunue, ni gari ya kukaa nayo miaka 15. Kwa sisi wengine mpya haina faida hiyo kubwa, maana siku ya kwanza tu kwenye shimo la Dar upya umeisha.

Kuagiza au kuchukua ya hapa hapa? Ukiagiza, omba karatasi ya mnada, ile yenye alama na mchoro wa hali ya gari, usikubali picha peke yake. Alama ya 4 na kuendelea ndo nzuri, ukiona R au RA gari ilishagongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari tafuta herufi S na C, hizo ni kutu na kuoza, hasa zikiwa chini ya mlango, mkwaruzo ambao ni A usikutishe. Kuna maandishi ya kijapani pembeni, tafsiri kwa simu, mara nyingi hapo ndo wameandika kama paa linavuja. Redio ya kijapani nayo inaishia karibu na 90, stesheni zetu nyingi hutazipata, ni kifaa kidogo tu fundi anaongeza.

Ya hapa, iliyosajiliwa tayari kwa namba D au namba E, ina faida moja kubwa sana, unaweza kuimwagia maji na kuipandisha juu. Mi sasa hivi naelemea upande huu, hata ikiwa ghali kidogo. Omba kadi original, angalia madeni ya faini za trafiki na parking kwa namba ya gari, muulize mwenye nayo anaipaki wapi usiku na ni fundi gani anaishika, mtu anayeipenda gari yake ataongea nusu saa bila kuombwa. Majaribio usifanye Masaki peke yake kwenye lami laini. Nenda nayo paa likiwa limefungwa saa saba mchana kwenye foleni, AC kamili, dakika 40, uone joto la injini linapanda au linatulia, maana kwenye hizi gari ukikosa AC mchana wa Januari umenunua oveni. Afu fungua paa upite kwenye rasta za barabarani, bodi ikitetemeka kioo cha mbele kinaimba sana ujue kuna kitu kiligongwa au kimelegea.

Bima chukua kubwa, na muulize wakala kwa maandishi kama turubai likikatwa na wembe linalipwa, na kama paa wanalihesabu kama sehemu ya bodi. Wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo, kwahiyo jibu la mdomo halitoshi. Stika ikishatoka hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima.

Gari ikishakuwa yako, wiki ya kwanza kabla ya kununua rimu na kubandika stika, safisha mirija ya paa. Usitumie waya, unatoboa mrija au kuuchomoa kwenye kiungo chake na maji yataanza kumwagika ndani ya bodi usikoona. Nunua mita moja ya ule uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, uingize taratibu huku unauzungusha mpaka utoke chini, afu mwagia maji ya vuguvugu mpaka yatoke masafi. Fanya hivyo Februari mwishoni kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na kama unapaki chini ya mkrismasi au mwarobaini fanya kila mwezi.